Vidole Viwili Chini ya Ukingo

11 Aprili
Daktari amesema niandike: miguu ya mume wangu Salvu imekakamaa mara ngapi kwa siku, kwa muda gani, na amelala vipi. Nimechukua daftari moja kati ya yale niliyopewa nilipostaafu kazi ya usafi shuleni. Jalada lake lina sungura. Nitaandika na mengine, maana nikiandika miguu tu nitapata wazimu.

Leo mara nne. Ya nne ilimkuta mezani. Goti likapiga meza kutoka chini, supu ya samaki ikaenda ukutani. Salvu akacheka. Mimi sikucheka, ukuta ule nimeupaka rangi mwenyewe.

12 Aprili
Mara tatu.

15 Aprili
Mara tano. Binti yetu Marthese amekuja na feri ya asubuhi, mkobani ana kikopo cha dawa chenye mbegu nne. Bangi. Hotelini anakofanya kazi kuna mwenzake ambaye mama yake ana ugonjwa wa neva kama huu wa Salvu. Wanapanda wenyewe, wanapasha maua taratibu ndani ya mafuta ya zeituni, yule mama anapewa matone, na sasa analala.

"Sheria inaruhusu mimea minne kila nyumba," Marthese akasema. "Minne tu, mama, usijifanye umekosea kuhesabu. Na isionekane kutoka barabarani."

"Nimekwenda misa maisha yangu yote," Salvu akasema, "uzeeni mke wangu ananigeukia mkulima wa bangi."

"Afadhali mkulima," nikamwambia, "kuliko mpiga soga asiye na shamba."

Salvu hakucheka. Nadhani nimemuumiza kwa sababu ya ugonjwa wake. Miaka thelathini na tisa alikata mawe machimboni, mgongo kama nguzo ya kanisa, na leo hawezi kujivalisha soksi.

30 Aprili
Mara nne. Mbegu zimeota zote, kwenye vikopo vya mtindi dirishani. Nimenunua vyungu vinne vya plastiki nyeusi, kila kimoja kikubwa kama beseni la kufulia, na gunia moja la mboji. Gunia halipandi paani kwa miujiza. Kuna vidato thelathini na kimoja, na mimi nina miaka sitini na moja. Nimebeba kwa ndoo, nusu ndoo nusu ndoo, safari kumi na tatu.

Kugawa kwa vinne, udongo haukufika hata katikati ya chungu. Nikasema, mche wenyewe hauzidi kidole, utataka udongo wa nini? Nikapanda hivyo hivyo, nikashuka, nikalala chini sakafuni kwa ajili ya kiuno. Salvu kwenye kiti chake, mimi sakafuni. "Wazima wa nyumba hii wameisha," akasema.

9 Mei
Mara tatu. Mvua ndogo, pengine ya mwisho.

21 Mei
Mara sita. Miche haikui, inajinyoosha tu. Imekaa ndani ya vyungu kama watu walioanguka kisimani. Kuta za vyungu zinaizuilia jua mpaka saa tano, na jua likishafika linakausha ule udongo kidogo kabla ya saa nane. Asubuhi namwagilia, alasiri nakuta majani yamelala. Marthese ameniambia kwenye simu: "Mama, jaza vyungu. Mizizi inataka nafasi."

Nafasi inataka udongo, na udongo unataka mtu wa kuubeba. Dukani wamesema mboji itakuja wiki ijayo. Wiki iliyopita pia walisema wiki ijayo.

27 Mei
Mara tano.

Kwa mwoka mikate nimesikia kwamba kaka yangu Wistin ameuza shamba la baba. Watajenga nyumba za wageni na bwawa la kuogelea. Mwoka mikate alilisema huku ananitazama usoni, kama mtu anayetupa jiwe kisimani asikie kina.

Niandike na hili, maana daftari ni langu. Shamba lile lilikuwa letu wawili, mimi na Wistin. Baba alipokufa, miaka minane sasa, wakili alitusomea hata kabla ya mazishi kwamba lote ni la Wistin, kwa sababu mimi nilikuwa nimeikataa sehemu yangu kwa saini. Akanionyesha. Saini ilikuwa yangu kweli. Lakini mimi sijawahi kukataa hata kijiko cha udongo ule. Kuna siku nilitia saini karatasi nyingi kwa wakili huyo huyo, mambo ya nyumba hii, nikiwa na haraka ya kurudi shuleni. Basi kuna mtu aliichomeka humo, na mwenye kufaidika alikuwa mmoja. Nilimwita Wistin mwizi mbele ya jeneza la baba, watu wote wakisikia. Salvu ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje. Tangu siku ile sijamsalimu kaka yangu, na upande wa Salvu wote hawamsalimu.

29 Mei
Mara nne. Nimekwenda shambani.

Sikupanga kwenda kwa amani. Nilichukua kitoroli cha jirani na ndoo mbili. Wistin alikuwa anang'oa viazi vya mwisho, mkewe Nunzja anakusanya. Amezeeka, kaka yangu. Nilikuwa namkumbuka na nywele.

"Nimekuja kuchukua udongo," nikasema. "Ndoo kumi na mbili. Kabla hujaufunika kwa saruji."

"Haufunikwi," Wistin akasema. "Sheria hairuhusu kuzika udongo. Utahamishiwa mashamba mengine." Halafu akauliza, "Wa nini?"

"Wa dawa ya Salvu."

Nunzja akanyanyua kichwa. "Ahaa. Kwa hiyo sasa Salvu anahitaji udongo."

"Nunzja," kaka yangu akasema, kwa sauti ndogo, na mkewe akarudi kwenye viazi vyake kwa hasira. Wistin akanigeukia. "Usichukue kumi na mbili. Chukua thelathini."

Nilichukua kumi na mbili. Zile nyingine aliniletea kwa gari, akaziacha mlangoni bila kubisha.

1 Juni
Mara tano. Vyungu vimejaa! Nilihamisha miche, nikajaza udongo mwekundu wa baba mpaka ukingoni kabisa, nikaushindilia kwa ngumi ili uingie mwingi. Unanuka kama utoto wangu. Nililia kidogo, paani hakuna wa kuona.

2 Juni
Mara tatu.

3 Juni
Mara sita. Upepo wa kusini-mashariki, kila kitu kinanata.

13 Juni
Mara sita. Maji hayaingii. Nikimwaga, yanasimama juu kama kwenye sahani, kisha yanafurika ukingoni na kutiririka kwenye bomba la paa. Yakikauka, udongo unapasuka vipande vipande kama vigae. Majani yamekuwa manjano. Udongo wa shamba ni uleule wa shambani, ila humu ndani umekuwa tofali.

16 Juni
Mara saba.

Nunzja amenikuta kwenye foleni ya samaki. Hatujazungumza miaka minane, isipokuwa juzi kwenye viazi.

"Mume wangu anauliza ule udongo ulichanganya na nini."

"Sikuchanganya."

"Ulishindilia?"

Nikatazama samaki.

"Uliushindilia! Mungu wangu, wifi, ulikuwa unapanda mmea au unajenga kaburi?" Wanawake kwenye foleni wakacheka, na mimi, sijui ilitoka wapi, nikacheka nao.

18 Juni
Mara nne. Saa kumi na mbili asubuhi Wistin alisimama mlangoni na magunia mawili: moja la mboji, moja la vumbi la makumbi ya nazi na changarawe nyepesi, na ndoo ya samadi ya mbuzi iliyozeeka mpaka haina harufu. Salvu alikuwa jikoni kwenye kiti chake. Kaka yangu akasema, "Salvu." Salvu akasema, "Wistin." Halafu mume wangu akageuzia uso televisheni, ambayo ilikuwa haijawashwa. Nikampenda kwa hilo. Nikasema moyoni, tazama, anasimama upande wangu hata akiwa amekaa.

Paani Wistin aliwamwaga wagonjwa wangu, kama anavyowaita, mmoja mmoja. Aligonga pembeni mwa chungu, akaugeuza mmea kiganjani, akaifungua mizizi kwa vidole. Vidole vile ni vinene kama soseji, sijui viliwezaje. Akachanganya: ndoo moja ya udongo wa baba, mbili za mboji, moja ya vumbi la nazi na changarawe, na samadi konzi mbili.

"Tia. Usibane. Inua chungu, kigonge chini mara mbili. Umeona ulivyoshuka? Ongeza. Gonga. Ongeza tena. Sasa maji, taratibu. Umeshuka tena? Ongeza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache kushuka. Ukiuacha nusu, mizizi inakosa mahali, jua linaimaliza. Ukiujaza juu kabisa, maji yanakimbia kabla hayajaingia. Vidole viwili chini ya ukingo." Akaweka vidole vyake. "Vyako vyembamba. Weka vitatu."

Tulifanya vyungu vinne bila kutajana majina. Aliposhuka aliuliza kama anaweza kuja Jumapili nyingine kutazama. Nikasema paa ni la Mungu.

25 Juni
Mara tano. Amekuja. Majani mapya, kijani.

2 Julai
Mara nne. Amekuja. Udongo umeshuka tena, tumeongeza.

9 Julai
Mara saba. Wistin amekagua, akaingia kati ya matawi na miwani puani. "Huu ni dume. Ung'oe kabla haujaharibu majike." Dume lilikuwa refu kuliko yote, nililipenda. Kimebaki chungu kitupu, mitatu inaendelea.

17 Julai
Joto. Mara nane. Salvu hakulala, mimi sikulala. Alikuwa ananiomba msamaha kila mguu ukirusha shuka. Nikamwambia nyamaza, miguu si yako, ni ya ugonjwa.

23 Julai
Mara sita. Mimea imenifika kifuani. Leo nilimtazama Wistin anavyofunga tawi kwa kitambaa cha shati kuukuu, fundo legevu lisikate ganda. Nikajiuliza, mtu mwizi huwa na mikono gani? Nilitaka kumuuliza pale pale kwa nini alininyima. Alikuwa anapiga mluzi. Nikaacha.

24 Julai
Mara tano.

6 Agosti
Mara saba. Maji asubuhi, maji jioni, safari nne nne. Maua yameanza, vinywele vyeupe. Salvu ameomba nimpigie picha. Aliitazama muda mrefu akasema, "Wistin ni mkulima mzuri." Nikamwambia, "Mwizi anaweza kuwa mkulima mzuri." Salvu akaomba maji ya kunywa.

10 Agosti
Sijahesabu miguu.

Leo tingatinga limeingia shambani. Nilikwenda kutazama, na si mimi tu, nusu ya kijiji walikuwa pale ukutani kama kwenye maandamano ya mtakatifu. Wanakwangua udongo juu juu na kuupakia kwenye malori, mwekundu, mwororo, chini yake mwamba mweupe. Sikujua kama ulikuwa mwembamba hivyo. Baba alitulisha sote kwenye kina cha mkono mmoja.

Nikasema kwa sauti, sikumlenga mtu: "Nusu ya huo ilikuwa yangu."

Nunzja alikuwa nyuma yangu. "Basi mwambie mumeo akurudishie!"

"Nunzja, nyamaza," Wistin akasema.

"Nimenyamaza miaka minane! Miaka minane naitwa mke wa mwizi. Kwa mwoka mikate, kanisani, kwenye harusi ya binti yake huyu tulikoalikwa kwa kadi tukawekwa karibu na choo! Wifi, karatasi ile aliipeleka Salvu. Salvu wako. Baba mkwe alitaka kukupa nusu, Salvu akamwambia hutaki. Na sisi tuliambiwa hutaki. Mpaka siku ya jeneza, ulipofungua mdomo, ndipo Wistin akaelewa."

Nikamgeukia kaka yangu. Alikuwa anatazama malori.

"Nilimwendea wiki ile ile," akasema. "Akaniomba nimpe muda, atakwambia mwenyewe. Nikampa. Halafu akaugua. Mtu mgonjwa hapigwi, Mena."

Sikumbuki njia ya kurudi. Salvu alikuwa anatazama mbio za baiskeli.

"Salvu. Karatasi ya shamba nani aliipeleka kwa wakili?"

Hakugeuka. "Nani amekwambia?"

Hapo nikajua. Asiye na hatia angeuliza, karatasi gani?

Nikazima televisheni. Akasema yote, mikono imeshika magoti kama anayazuia yasikimbie. Kwamba baba alikuja hapa nikiwa kazini, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akasema anataka kunipa nusu. Kwamba yeye alijibu, "Mke wangu hachimbi." Baba akasema, "Basi mwenyewe aniambie." Salvu akasema, "Nitamuuliza." Hakuniuliza. Akachomeka karatasi ya kukataa kati ya zile za nyumba.

"Kwa nini?"

"Mama yangu nilimkuta mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilitumwa kumwita aje kula chakula cha mchana, nikamkuta kwenye mtaro wa viazi, amelala kifudifudi, udongo mdomoni. Alikufa na miaka arobaini na tisa. Nikaapa mke wangu hatainama kwenye udongo."

"Na mimi hukuniuliza kama nataka kuinama."

"Sikukuuliza."

"Nilimwita ndugu yangu mwizi mbele ya maiti ya baba, Salvu. Ulikuwa umenishika mkono!"

"Nilingoja hasira zako zipoe nikwambie. Hazikupoa. Halafu nikaugua, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utaondoka. Na mimi siwezi hata kuvaa soksi."

Nilikwenda chumbani kwa Marthese nikafunga mlango. Nilikuwa namsikia, mguu unapiga mguu wa kiti, ko, ko, ko. Sikwenda.

11 Agosti
Nimempikia. Nimemvalisha. Sikusema neno.

12 Agosti
Vilevile. Sikupanda paani. Bangi ni yake, miguu ni yake. Akitaka dawa na aikuze mwenyewe.

13 Agosti
Sikupanda. Joto kama tanuri la mkate. Salvu aliniambia, "Mena, mimea." Nikaosha vyombo.

14 Agosti, naandika tarehe 16
Ilikuwa mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, saa tano mchana, fataki za mchana zimeshaanza na madirisha yanatetemeka. Nilikuwa jikoni natoa mbegu kwenye nyanya. Nikaona maji. Yalikuja mlangoni taratibu, utepe mwembamba, yakapita chini ya meza yakanifikia kwenye kandambili. Nikafikiri tangi limepasuka. Nikafuata maji mpaka kwenye ngazi.

Nadhani alipanda kwa kukaa. Kidato kimoja kimoja, matako nyuma, ndoo anaivuta. Ile ndoo ndogo ya kudekia. Fremu yake ya kutembelea ilikuwa imelazwa chini ya ngazi, vizuri, kama mtu anayevua viatu nje ya mlango. Kwenye kidato cha kumi na tisa kulikuwa na kandambili yake moja. Nimehesabu baadaye, sijui kwa nini. Miguu ikamkakamaa pale. Yeye alikuwa chini, amejikunja ubavu, uso mweupe kama chokaa, amelowa.

"Usinipigie kelele," akasema. "Nilibakiza kidogo."

Sikumpigia kelele. Nilikaa kwenye maji nikamshika kichwa. Niliita mtu, sauti haikusikika kwa fataki. Simu yangu ilikuwa mezani kwenye nyanya. Ilibidi nimwache peke yake pale kwenda kuichukua, hatua kumi, na hatua zile sijawahi kutembea nyingine ndefu hivyo. Namba iliyokuja kidoleni haikuwa ya Marthese wala ya daktari. Nilimpigia kaka yangu.

Nyonga imevunjika. Wamempasua jana.

19 Agosti
Hospitali. Hapa miguu wanaihesabu wao.

20 Agosti
Wistin amepanda paani kila siku, ufunguo ninao mimi kwa hiyo anapitia kwa jirani, anaruka ukuta, na magoti yale. Mmoja umekufa, umekauka mpaka shina. Miwili imeinuka. "Kwenye udongo mdogo ule wa mwanzo," ameniambia, "siku tatu kwa joto hili, usingekuta hata mmoja. Udongo wa chini ulikuwa bado na unyevu."

Nikamwambia, "Kaka, nisamehe." Tulikuwa kwenye mashine ya kahawa, korido imejaa watu. Akabonyeza vitufe muda mrefu.

"Sukari?" akauliza.

"Bila."

"Nimeshasamehe siku nyingi," akasema. "Nunzja ndiye bado. Huyo utamngoja."

28 Agosti
Salvu ana homa. Madaktari wanapita wanne wanne.

30 Agosti
Homa. Padre Pawl amempaka mafuta matakatifu. Nimemwambia Salvu sikioni kwamba asife, kwa sababu bado nina hasira naye, na sitaki kuzika mtu niliyemkasirikia. Baba nimeshamzika kwa hasira, mara moja inatosha. Sijui kama alisikia.

2 Septemba
Homa imeshuka.

11 Septemba
Mvua ya kwanza, dakika kumi. Nimeongeza udongo vyunguni, ulikuwa umeshuka.

20 Septemba
Tumemrudisha nyumbani. Kitanda kiko sebuleni, kando ya dirisha la barabarani. Hatasimama tena, wamesema bila kuzunguka. Miguu imekonda lakini mikakamao haikukonda: mara tisa leo, na kila mara nyonga inamtoa machozi. Namgeuza, namfuta, namlisha. Tunazungumza ya uji na ya mto wa kichwa. Ya shamba hatujagusa.

29 Septemba
Mara nane. Harufu imeteremka barabarani, nzito, kama ndimu na ngozi ya mbuzi. Dereva wa lori la gesi aliinua pua akauliza tunachoma nini. Wistin anasema siku kumi bado.

8 Oktoba
Tumekata. Wistin alishika shina, mimi nikakata. Tumetundika kichwa chini katika chumba cha Marthese, madirisha yamefungwa.

19 Oktoba
Mara tisa. Yamekauka. Marthese amekuja, tumetengeneza mafuta kwa moto mdogo kama alivyoelekezwa na mwenzake, tumechuja kwa kitambaa cha jibini. Miezi sita, ndoo zote zile, na nyonga moja: chupa tatu ndogo.

20 Oktoba
Matone mawili jioni. Mara nane. Hakuna kitu.

22 Oktoba
Matone manne, daktari anajua. Mara sita. Kinywa kikavu, alicheka peke yake kwa sababu ya pazia.

25 Oktoba
Mara tatu. Na alilala. Nilikaa kwenye kiti nikatazama shuka. Halikurushwa. Halikuwa jambo kubwa, shuka tu lililotulia, lakini nilikaa nalitazama mpaka chai ikapoa.

27 Oktoba
Mara tatu. Asubuhi Salvu amesema, "Waite Wistin na mkewe Jumapili. Na Padre akija na komunyo, asiondoke haraka."

"Unataka nini?"

"Wewe waite."

29 Oktoba, Jumapili
Walikuja baada ya misa. Nunzja alivaa kama anakwenda mahakamani, mkoba ameushika kwa mikono miwili, akakataa kukaa. Wistin alikaa kwenye kona. Padre Pawl alikuwa anafunga kisanduku chake cha komunyo. Marthese mlangoni. Mimi nilikuwa na sinia la vikombe, sikupata pa kuliweka.

Salvu alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Akasema hivi, naandika alivyosema:

"Karatasi ya shamba niliipeleka mimi. Wistin hakuiba kitu. Mena hakukataa kitu. Nilimdanganya mzee, nikamdanganya mke wangu, nikawaacha watu wamtukane shemeji yangu miaka minane, na mimi nasalimiwa kanisani."

Padre alitazama viatu vyake. Marthese alikuwa amefunika mdomo.

Nunzja ndiye aliyesogea. Alikwenda mpaka kitandani, akasimama juu yake, nikaogopa atampiga na mkoba.

"Umengoja mpaka umelala," akasema, "mahali ambapo siwezi kukuzaba kofi."

"Ndiyo," Salvu akasema.

"Sema tena."

"Nunzja, basi," Wistin akasema kutoka konani.

"Basi ya nini? Nilitukanwa barabarani, sikutukanwa sebuleni." Akanyoosha mkono, akasukuma dirisha lililo kando ya kitanda mpaka bawa likagonga ukuta wa nje. Watu walikuwa wanatoka misa ya pili, barabara imejaa. "Sema tena. Kwa sauti."

Salvu akanitazama mimi. Nilijua anachoomba. Miaka sita nimekuwa mguu wake na mkono wake. Angalitaka niwe mdomo wake pia, au angalau nimwambie Nunzja inatosha, mtu mgonjwa huyu. Niliweza kuona mishipa ya shingo yake. Nilimhurumia, sitakana.

Akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti ya machimboni, ile aliyokuwa akiwaitia wenzake jiwe linapoanguka. Kule nje mwoka mikate alisimama na funguo mkononi.

Niliweka sinia sakafuni. Nikaenda nikalifungua na dirisha la pili.